Hakukuambia, na wewe hukumuuliza

Shikamoo mama,

Nimekuwa nikisoma safu yako kwa muda mrefu, ila sikudhani ipo siku nitakuandikia. Mimi ni daktari wa usingizi, yaani wa ganzi na nusukaputi, niliyejiongezea masomo ya tiba ya maumivu. Huu ni mwaka wa nne naendesha kliniki ya maumivu katika hospitali moja ya binafsi hapa Mombasa, Jumanne na Ijumaa. Wagonjwa wangu wengi ni wa mgongo, magoti na saratani.

Mwezi uliopita, Ijumaa alasiri, nilimchoma mama mmoja wa miaka 61 sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, mgongoni. Diski ilikuwa imebana mshipa wa fahamu, maumivu yakimshuka mpaka unyayoni, hawezi kusimama jikoni wala kusujudu. Mashine ya eksirei ilikuwepo, dawa ikaenda palepale nilipotaka, robo saa tukawa tumemaliza. Alitoka akitembea na kuniombea dua.

Saa tano usiku miguu ikamwia mizito na mkojo ukagoma. Mwanawe akapiga nambari ya hospitali iliyoandikwa kwenye kadi. Aliyepokea akamjibu, "Daktari wa maumivu haji mpaka Jumanne, mpeni dawa ya maumivu alale." Alfajiri wakampeleka hospitali nyingine. Picha ya MRI ikaonyesha bonge dogo la damu karibu na uti wa mgongo. Alhamdulillahi halikuhitaji upasuaji. Baada ya siku nne alikuwa akitembea, ila amebaki na ganzi kwenye kidole gumba cha mguu. Ndipo nilipopata habari kwamba anatumia klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu mwaka jana aliwekewa stenti ya moyo, kile kijibomba cha kuweka mshipa wazi, huko India. Hakuniambia! Kwenye fomu yetu, mahali pa dawa, imeandikwa "presha" basi.

Sasa mwanawe, ambaye ni wakili, ameleta barua ya kutaka nakala ya faili zima. Nimelifungua mama, nikaona haya. Maelezo yangu ni mistari mitatu. Fomu ya idhini ni ya Kiingereza na sahihi ya mama imekaa chini, imepinda. Najua nilimweleza hatari kwa mdomo, lakini sikuandika. Mwenzangu ananishauri nijazie niliyomweleza kabla nakala haijatoka, maana "si uongo, kweli ulisema". Meneja naye ananiambia nisimpigie mgonjwa simu wala nisijibu chochote.

La mwisho, hofu imenishika. Nina mgonjwa wa tramadoli, kidonge kikali cha maumivu, mwenye duka, amerudi mara mbili kabla ya siku zake akidai vidonge vimepotea. Nina wa saratani wanaokunywa mofini. Nafikiria kuachana na dawa hizo zote na sindano za mgongo, nibaki na magoti. Nifanyeje nisishtakiwe tena maishani?

Daktari mwenye hofu, Mombasa

* * *

Marahaba, mwanangu.

Pole. Na yule mama umfikishie pole yangu, kwa maana katika barua yako yote kidole chake cha mguu kimepata mstari mmoja na hofu yako imepata ukurasa.

Nianze na hilo neno "tena". Hujashtakiwa. Umeombwa nakala ya faili. Nimeona kesi nyingi zikizaliwa katika wiki hizi hizi ulizo nazo sasa, kati ya barua ya kwanza na jibu lake, kwa sababu ya namna daktari alivyojibu au alivyonyamaza.

Mimi si wakili. Nilikuwa muuguzi, nikawa sista wa wodi, halafu nikawekwa kwenye dawati la malalamiko la hospitali nikakaa hapo mpaka nikastaafu. Meza moja, viti viwili vya wageni na boksi la karatasi za kufutia machozi. Waliokuja mbele ya meza ile hawakuwa wakianza na sindano. Walianza na "hakuna aliyetuambia", au "tulipiga simu". Huyo mwanawe wakili angekuja kwangu angeanza na saa tano usiku, nakuapia.

Kabla ya yote, toa mkono kwenye faili. Mwenzako anakupenda lakini anakuchimbia shimo. Faili la hospitali lina ndugu zake: karatasi ya muuguzi wa vipimo, daftari la chumba cha upasuaji, risiti, na kama mnatumia kompyuta, mfumo unaoandika kila aliyeingia na saa aliyoingia. Na unajuaje kama familia haikupiga picha kurasa zile Ijumaa ile ile? Siku hizi kila mtu ana simu. Nimewahi kumwona daktari mzuri, mwenye kesi nyepesi, akiulizwa mbona wino wa aya ya mwisho ni tofauti. Kuanzia swali lile hakuna aliyejali tena kuhusu mgonjwa. Mistari mitatu ya kweli ni udhaifu tu. Ukijazia ya nne leo na kuipa tarehe ya Ijumaa ile, huo ni ughushi, na Baraza la Madaktari, yaani KMPDC, hawatakuuliza tena kama ulimweleza mgonjwa au la.

Ukiwa na jambo la kweli la kuongeza, ipo njia yake. Mweleze kwanza wakili wa bima yako, akikubali andika ukurasa mpya wenye tarehe na saa ya leo: "Maelezo ya nyongeza. Naandika haya baada ya kupokea ombi la nakala. Ninavyokumbuka, siku ya matibabu nilimweleza mgonjwa hivi na hivi. Sikuyaandika siku ile." Inauma kuiandika hiyo sentensi ya mwisho. Lakini ndiyo itakayofanya zilizotangulia ziaminike.

Nakala watoleeni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuziona habari zake, na hospitali inayoficha faili inaonekana ina la kuficha. Ila mgonjwa ni mama, si mwanawe. Uwakili wake haumpi ruhusa. Awe na barua ya mama yenye sahihi, vinginevyo mtakuwa mmeongeza kosa la pili la kutoa siri ya mgonjwa.

Leo hii, si kesho, wajulishe watu wa bima ya dhima, ile ya kumlinda daktari akidaiwa, ambayo nyinyi mnaiita indemniti. Madaktari hungoja mpaka karatasi za mahakama zifike, kumbe mikataba mingi ya bima hiyo inataka wajulishwe pale tu panapotokea jambo linaloweza kuleta madai, na ukichelewa wanaweza kukuacha ubebe mzigo wako. Usiandike habari hii kwenye kundi la WhatsApp la madaktari, hata bila jina. Mama wa miaka 61, stenti ya India, mwana wakili, Mombasa? Nusu ya mji ushamjua.

Sasa huyo meneja. Mimi na yeye tunatofautiana. Kunyamaza kumewagharimu watu wengi kuliko kusema. Waulize watu wa bima, kisha mpigie mama, au bora zaidi uende umwone. Usiende na maelezo ya kujitetea. Mwambie: "Mama, nimekuja kukujulia hali. Nimesikitika sana kwa yaliyokupata. Usiku ule mlipopiga simu mlistahili kujibiwa na mimi, na hamkujibiwa. Tunachunguza ilikuwaje na nitakuja kukwambia tutakachokipata." Hakuna neno hata moja hapo linalosema "nilizembea". Hilo ni la wengine kuamua. Usimtupie lawama aliyepokea simu, usimtupie daktari wa moyo, na usiahidi fedha. Halafu mtafutie miadi ya kupimwa hicho kidole.

Tuje kwenye lile lililokuuma zaidi: hakukuambia.

Mwanangu, mimi ni mtu mzima mwenye dawa zangu. Ukiniuliza "una dawa unazotumia?", nitakujibu "za presha", kwa sababu ndizo ninazonunua kila mwezi. Ile ndogo ya waridi niliyopewa baada ya moyo, kwangu imo humo humo kwenye presha. Mgonjwa haainishi dawa kama duka la dawa. Anaainisha kwa kiungo, kwa rangi, au kwa aliyemwandikia. Kwa hiyo muulize kwa lugha yake. "Umewahi kufanyiwa moyo, au kuwekewa kitu kwenye mishipa?" "Kuna dawa uliyoambiwa usiiache hata siku moja?" "Unajikata kidogo jikoni damu ikachelewa kukata?" Na mwambie siku ya miadi aje na mfuko wake wote wa dawa, aumwage mezani, za hospitali, za dukani, na zile za miti za jirani. Sisi wauguzi tulikuwa tukifanya hivyo kabla nyinyi hamjazaliwa. Hakuna fomu inayoshinda mfuko wa plastiki uliomwagwa mezani.

Ukiikuta klopidogreli, unajua mwenyewe kuliko mimi kwamba miongozo ya sindano za mgongo inataka iwe imesimamishwa siku 5 hadi 7. Lakini usiisimamishe wewe. Stenti ambayo haijatimiza muda wake inaweza kuziba, ukamtibu mgongo ukampoteza kwa moyo. Mpigie daktari wa moyo, na uandike kwenye faili: nimezungumza na nani, lini, amesema nini. Akisema isiachwe, basi sindano hiyo isubiri, au utafute njia nyingine.

Kuna kesi ya zamani ya Uingereza ambayo madaktari wa usingizi hufundishwa. Oktoba 1947, katika hospitali ya Chesterfield, wanaume wawili, Woolley na Roe, walichomwa ganzi ya mgongoni siku moja, wote wakapooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Mahakama iliona kwamba chupa ndogo za dawa zilikuwa zikiloweshwa kwenye fenoli ili ziwe safi, nayo fenoli ikapenya kwenye nyufa zisizoonekana kwa macho. Mwaka 1954 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba daktari na hospitali hawakuzembea. Jaji Denning alisema ajali ya 1947 isitazamwe kwa miwani ya 1954, kwani mwaka ule hakuna aliyejua kwamba nyufa za namna hiyo zipo. Madaktari huipenda kesi hii na kuisimulia kama ngao. Mimi naisoma upande wa pili. Waliokoka kwa sababu jambo lile lilikuwa halijulikani. Jambo la klopidogreli na damu ya mgongoni linajulikana, limeandikwa, liko kwenye kila mwongozo wa fani yako. Miwani yako ni ya leo.

Na hii ndiyo sababu fomu yako ya Kiingereza haitakusaidia sana. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inakutaka umweleze mgonjwa hali yake, njia za tiba zilizopo, faida zake, hatari zake, gharama zake, na haki yake ya kukataa. Tena inataka, inapowezekana, aelezwe kwa lugha anayoielewa na kwa kiwango cha elimu yake. Umeniambia sahihi yake imepinda. Nakisia ilitiwa akiwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, amevaa gauni la mgongo wazi, sindano ya maji tayari mkononi. Mtu aliyefika hapo amekwisha kubali kila kitu. Ungemletea hati ya shamba angetia sahihi.

Nikupe kesi moja inayokuhusu hasa. Uingereza, Bi Chester alikuwa na maumivu ya mgongo kwa miaka. Daktari Afshar, bingwa wa upasuaji wa mishipa ya fahamu, akampasua mwaka 1994. Upasuaji haukuwa na kosa, hata mahakama iliona hivyo. Lakini ilionekana kwamba hakumwonya juu ya hatari ya asilimia 1 hadi 2 ya mishipa ya chini ya mgongo kuumia, nayo ikamfika. Bi Chester hakudai kwamba angekataa upasuaji maisha yake yote. Alisema tu kwamba angeambiwa, asingefanyiwa siku ile, angekwenda kwanza kutafuta maoni mengine. Mwaka 2004 majaji wakuu waligawanyika watatu kwa wawili, na watatu wakampa haki. Mahakama zetu huzisoma hukumu za Uingereza bila kufungwa nazo, na mawakili wetu huzibeba kwenye mikoba. Mkono wa daktari ulikuwa salama. Kilichomponza ni mazungumzo ambayo hayakufanyika.

Basi yafanye, siku nyingine kabla ya siku ya sindano, mgonjwa akiwa na nguo zake na amekaa kwenye kiti. Mimi ningesema hivi:

"Mama, sindano hii inaingia mgongoni karibu na ule mshipa unaokuchoma mguu. Ina dawa ya kutuliza uvimbe. Wengine hupata nafuu ya wiki au miezi, wengine hawapati kitu. Diski hairudi mahali pake kwa sindano. Siku mbili tatu za mwanzo maumivu yanaweza kuzidi, na kama una sukari itapanda kwa siku kadhaa. Mara chache huingia vijidudu. Mara chache sana, lakini imewahi kutokea, damu hujikusanya mgongoni ikabana mishipa, mtu akapooza. Usipotaka kuchomwa hukunikosea. Tuna vidonge na mazoezi, na kwa watu wengi maumivu haya hupungua yenyewe kadiri muda unavyokwenda. Sasa nieleze wewe: ukifika nyumbani wakakuuliza unaenda kufanyiwa nini, utawaambiaje?"

Halafu nyamaza umsikilize. Akikosea, rudia. Atakayosema, yaandike kama alivyosema: "Nimemweleza kwa Kiswahili, binti yake akiwepo. Amerudia mwenyewe: 'Naweza nisipone, na miguu ikilegea nipige simu usiku huo huo.' Ameuliza kama ataweza kwenda umra mwezi ujao, nimemwambia sina uhakika. Dawa zote zimeonekana mezani, hakuna ya kuzuia damu kuganda." Ni dakika mbili za kuandika. Wakili akilisoma hilo swali la umra atajua mazungumzo yalikuwepo, kwa maana hakuna daktari anayeweza kulibuni.

Usione haya kulitaja neno "kupooza". Aprili 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba steroidi zinazochomwa karibu na uti wa mgongo zimesababisha, kwa nadra, upofu, kiharusi, kupooza na kifo, na ikaagiza hilo liandikwe kwenye maelezo ya dawa. Kama limo kwenye karatasi ya ndani ya boksi, hutaweza kusema ulidhani si muhimu kwa mgonjwa.

Yapo mengine ya kabla ya sindano ambayo nayapitia haraka kwa sababu wewe ndiye bingwa. Mgongo unaomwamsha mtu usiku, homa za jioni, kilo zinazopungua: nchi hii ina kifua kikuu, nacho huingia kwenye pingili za mgongo. Kumwagia steroidi mgongo wa namna hiyo ni kumwagia petroli. Na andika nambari ya toleo la kila chupa unayofungua. Mwaka 2012 kule Marekani, steroidi za kiwanda kimoja cha Massachusetts ziliingia ukungu, mamia ya watu wakaugua homa ya uti wa mgongo na zaidi ya 60 wakafa. Kliniki zilizokuwa na nambari ziliweza kuwaita wagonjwa wao mmoja mmoja.

Sasa niseme kuhusu usiku ule, na hapa ndipo nilipokasirika nikisoma barua yako.

Miguu mizito, mkojo uliogoma, ganzi mahali pa kukalia: dalili hizo tatu baada ya sindano ya mgongo hazingoji Jumanne. Bonge la damu likiondolewa ndani ya saa 8 hivi tangu dalili zianze, matumaini ya miguu kurudi huwa makubwa, na kila saa inayopita baada ya hapo inayapunguza. Hesabu mwenyewe, kutoka saa tano usiku hadi alfajiri ni ngapi. Huyo mama amenusurika kwa sababu bonge lilikuwa dogo. Hakunusurika kwa sababu ya mpango wowote uliokuwa umeuweka wewe. Na umewachoma wangapi kabla yake Ijumaa alasiri, ukaenda zako wikendi, na nambari ile ile ya mapokezi kwenye kadi?

Acha kabisa kuchoma mgongo Ijumaa alasiri. Wachome Jumanne asubuhi, walale usiku wao wa kwanza wewe ukiwa mjini. Kadi iwe ya Kiswahili, herufi kubwa, dalili tatu na nambari ya simu inayoshikwa na daktari. Usiandike "ukipata tatizo", maana hakuna anayejua tatizo ni lipi. Andika: "Ukishindwa kukojoa, piga sasa hivi hata kama ni usiku wa manane." Wafundishe watu wa mapokezi sentensi moja tu: mgonjwa wa sindano ya mgongo akipiga, hawamshauri, wanakupigia wewe. Usipopokea, wanampigia nani? Jina la huyo wa pili liwe limebandikwa ukutani. Na kesho yake asubuhi muuguzi wako awapigie wote waliochomwa, aandike saa na jibu.

Kuhusu mofini, nakukatalia. Usiwatoroke watu wa saratani kwa hofu ya mahakama, kwa sababu hata kuyaacha maumivu kumewahi kufikishwa mahakamani. Kaunti ya Alameda, California, mwaka 2001, watoto wa mzee Bergman, aliyekuwa na saratani ya mapafu, walimshtaki daktari kwa kumwacha baba yao na maumivu makali, na baraza la raia likaamuru walipwe dola milioni 1.5. Kiasi hicho kilishushwa baadaye hadi 250,000 kwa sababu ya kikomo cha sheria ya jimbo, lakini habari ilikuwa imekwisha wafikia madaktari. Endelea na mofini yako. Kabati la DDA, lile la dawa zinazodhibitiwa na sheria, liwe na funguo mbili, daftari lilingane na chupa, na kila mgonjwa aandikiwe maumivu yalikuwa kiasi gani, sasa ni kiasi gani, anapata choo, anasinzia au hasinzii, anaweza kufanya nini alichokuwa hawezi.

Mwenye duka ni habari nyingine, naye usimwite mwizi. Vidonge hupotea kweli, na mtu huzoea dawa kweli, na hata mpwa wa nyumbani huviiba kweli. Mketishe. Muulize anakunywa vingapi kwa siku hasa, anakunywa na nini, pombe, dawa za usingizi, na nani anajua mahali anapoviweka. Mwandikiane makubaliano: daktari mmoja, duka moja la dawa, wiki moja moja badala ya mwezi, na arudi na vilivyobaki vihesabiwe. Ukiamua kumpunguza, mpunguze polepole. Hata Wamarekani, baada ya mwongozo wa 2016 wa CDC, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, kuhusu dawa za aina hii kutumiwa na wengi kama panga, ilibidi mwongozo mpya wa 2022 uonye dhidi ya kumkatia mgonjwa ghafla. Akikataa masharti, mwandikie barua ya heshima, mpe muda na mahali pengine pa kwenda. Mgonjwa aliyefukuzwa dirishani ndiye aliyekuwa akija dawatini kwangu.

Umeuliza ufanyeje usishtakiwe maishani. Sina dawa hiyo, mwanangu. Kwa hospitali ya binafsi mama huyo ana miaka 3 ya kufungua madai, na angekuwa ametibiwa ya serikali angekuwa na miezi 12, kwa hiyo usihesabu kimya cha mwezi huu kuwa msamaha. Lakini magoti hayatakuokoa. Goti nalo lina mgonjwa mwenye mfuko wa dawa, lina fomu, lina usiku wa kwanza.

Mama umwone wiki hii. Usiende mikono mitupu wala usiende na kapu la matunda kama mgombea ubunge, nenda na tarehe ya miadi yake. Na ile nambari iliyo kwenye kadi ya hospitali yenu, ipige mwenyewe leo saa tano usiku, useme mama yako amechomwa sindano ya mgongo na hawezi kukojoa. Sikiliza utakachojibiwa.